Heko, Fomu ya Viza

Asali ya Tabora ina wasifu wake, maembe yana wasifu wake, na Mtemi Mirambo ndiyo usiseme. Asiyesifiwa na mtu ni fomu ya viza. Wanaoitaja huwa wanatoka ubalozini Dar es Salaam na bahasha mkononi, na maneno wanayoitajia hayaandikiki. Hawaitendei haki.

Nani anatujali kama fomu? Mtu wa Igalula, huku Tabora, anaweza kuzeeka bila ofisi yoyote kumuuliza mama yake alizaliwa lini. Fomu inauliza. Ile ya Marekani, DS-160, inataka kujua mpaka kabila lako, na Mnyamwezi anaijibu kwa raha zake. Kisha, kwa adabu ileile, inamuuliza kama amewahi kushiriki mauaji ya kimbari, kama anakwenda kufanya ugaidi, kama anakwenda kufanya ukahaba. Bibi wa miaka sabini anayetaka kumwona kitukuu Houston anasomewa hayo yote na kijana wa steshenari, naye anajibu moja moja: hapana, hapana, mjukuu wangu, hapana. Ni nani mwingine aliyewahi kumdhania bibi huyu kuwa bado ana nguvu hizo?

Fomu inakuza biashara pia. Picha ya pasipoti yetu inataka nyuma bluu, ya viza inataka nyeupe, kwa hiyo mpiga picha atafute shuka la pili. Na kwa kuwa alama za vidole hazitumwi kwa simu, mwombaji apande treni Igalula, kwenye reli iliyofika Tabora mwaka 1912, akaweke vidole vyake kiooni Dar es Salaam na kurudi.

Lakini sifa yake kubwa ni imani yake katika mshahara. Inaomba taarifa ya benki ya miezi kadhaa, kwa sababu inaamini mtu mwaminifu hulipwa kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa tumbaku hulipwa msimu wa masoko, kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika. Karatasi yake ya benki basi inasomeka hivi: sifuri, makato ya benki, sifuri, makato ya benki, halafu siku moja mamilioni yanaingia, na wiki ileile nusu yametoka kulipa mbolea na ada ya shule. Afisa akiiona anashtuka: fedha hizi zimetoka wapi ghafla? Na kwa nini zimekimbia? Ng'ombe thelathini na mizinga mia ya nyuki porini haiingii kwenye kisanduku chochote, ingawa ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani kuliko barua ya mwajiri.

Tena imetuelimisha. Sisi tulidhani safari ni safari. Kumbe kutembea ni viza moja, kusoma nyingine, kazi nyingine, kumfuata mume nyingine, na ukiomba ya kutembea huku moyoni unatafuta kazi, unaharibu zote. Viza ya Schengen, ya Ulaya, inafungua nchi 29 kwa siku 90 katika kila siku 180. Inaombwa kwa nchi utakayokaa zaidi, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Uingereza mgeni hukaa hadi miezi sita; Mtanzania anayehamia kwa zaidi ya hapo apimwe kifua kikuu kwanza. Ya kazi Oman huombewa na mwajiri, kwa hiyo msichana anaweza kufika Muscat bila kujua ni karatasi gani iliyomfikisha. Kenya na Uganda hazituombi viza kabisa, ndiyo maana anayetoka huko hapokewi kwa ngoma.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Wazungu. Wakaulize njia ya misafara. Karne ya 19 ilikuwa vigumu kufika Unyamwezi kutoka pwani bila kutoa hongo kwa watemi wa Ugogo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, na siku kadhaa za kubishana bei. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na mwanahabari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone na amepiga kambi Kwihara karibu na Tabora, ikambidi azunguke kusini. Fomu ni ya kistaarabu zaidi, haibishani. Bei imebandikwa: Schengen euro 90 tangu Juni 2024, matembezi ya Marekani dola 185. Mtemi wa Ugogo alikuwa na udhaifu mmoja tu, kwamba akishapokea hongo alifungua njia. Fomu haina udhaifu huo. Ukinyimwa, ada inabaki hukohuko. Na Oktoba 2025 Marekani ilianza kumtaka Mtanzania anayekwenda kutembea aweke dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, arudishiwe akirudi. Mirambo, pamoja na ukali wake wote, hakulifikiria hilo. Sisi nasi hatuko nyuma: mgeni anayekuja kuona tembe la Livingstone Kwihara anatulipa dola 50 za viza, na Mmarekani 100.

Basi, ewe mkulima wa Igalula unayetaka kumwona mwanao Ujerumani, iheshimu fomu. Ambatanisha stakabadhi za mauzo kutoka AMCOS, hati ya shamba na barua ya mtendaji wa kijiji, na ueleze kwa maandishi kwa nini fedha zako huingia mara moja kwa mwaka. Usikope za jirani kujazia akaunti. Fomu itazitambua, na jirani atazidai hata kama viza haikutoka.