Kibali cha Kuhesabu Simba

Mtu akikaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina, Mombasa, akala mihogo ya pilipili na ndimu huku akihesabu meli zinazoingia Kilindini, hakuna amwombaye kibali. Simba ni habari nyingine. Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachunguza wa Serengeti tangu 1978, akavumiliwa vizuri tu. Mwaka 2004 yeye na wenzake wakapendekeza wawindwe madume tu waliotimiza miaka sita au zaidi. Mwaka 2011 wakahusisha kupungua kwa simba na vitalu vilivyowindwa mno. Alipoisema rushwa ya uwindaji, kibali kikapotea. Simba, nadhani, hawakuarifiwa.

Watasema dola ina haki ya kuwabana watafiti. Naam, bunduki ya usingizi si ya kuchezea. Ila kibali hukagua dozi ya dawa. Tangu lini kikakagua matokeo? Wizara ya Maliasili na Utalii ya Tanzania iligawa vitalu vya uwindaji, na TAWIRI, taasisi ya utafiti, iko chini ya wizara hiyohiyo. Nasi Wakenya tusicheke sana: uwindaji tuliupiga marufuku 1977, lakini sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 nayo inadai kibali cha utafiti.