Ndita Zangu Zina Kazi

Mwanamke ukishavuka hamsini, siku hizi hakuna anayekuuliza kama una mikunjo usoni. Hilo lilishapitishwa kwenye kikao ambacho hukualikwa. Unaulizwa tu utaishughulikia kwa njia gani: mashine au sindano? Swali linakuja kwa sauti ya mhudumu anayeuliza soda ya baridi au ya moto, na ukijibu kwamba hukuagiza soda unaonekana huna adabu.

Aliyeniletea swali hili hadi sebuleni ni binti wa mdogo wangu. Ana miaka 29, uso wake hauna hata alama ya mto, na anajua habari za uzee kutuzidi sisi tunaozeeka. "Mamkubwa," akaniambia, "wewe mzuri sana, ila ungejitunza." Nikamwuliza nijitunze vipi tena, mbona naoga. Akacheka, akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani kwenye mwanga na kuanza kunisomea uso wangu mwenyewe. Hapa katikati ya nyusi kuna ndita mbili. Hapa kwenye paji mistari mitatu. Pembeni mwa macho vijistari, mashavu yameanza kushuka, chini ya kidevu pamelegea. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, na sijawahi kumjazia mtoto masahihisho mengi namna ile kwenye ukurasa mmoja.

Mama yake aliolewa Muscat zamani, na kwa anavyosimulia, huko habari za sindano za uso ni mazungumzo ya kawaida kwenye kahawa na halwa. Matokeo niliyaona alipokuja kwenye msiba wa shangazi yetu Tanga. Tumekaa mkekani bega kwa bega. Machozi yanamtoka kweli, maana shangazi ndiye aliyemlea, lakini kuanzia nyusi kwenda juu hakuna taarifa yoyote. Paji limetulia, linang'aa. Kamasi zinamtiririka, kitenge kimelowa, na paji bado liko fungate. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba huyu wa Uarabuni hana uchungu. Bibi mmoja akanivuta pembeni: "Mwanangu, mdogo wako kalishwa nini?" Nikamwambia ni uchovu wa ndege.

Na Uarabuni hukohuko, Desemba 2021, kwenye mashindano ya urembo wa ngamia ya Saudi Arabia, ngamia zaidi ya 40 walienguliwa baada ya kugundulika kwamba wenyewe wamewafanyia ujanja wa kuwapendezesha, botoksi ikiwemo. Pale zawadi ni mamilioni ya dola, kwa hiyo waamuzi hawana mchezo. Sasa nieleweshwe. Ngamia akidungwa anafukuzwa uwanjani kwa udanganyifu. Mimi nisipodungwa, ndiye nisiyejitunza.

Nikaamua kusoma, kwa sababu mwalimu hata akistaafu hapendi kuulizwa swali ambalo hajaliandalia somo.

Botoksi ni sumu. Silitumii neno hilo kama tusi, ndivyo ilivyo. Inatengenezwa na bakteria yuleyule anayeua watu kwenye chakula kilichofungashwa vibaya, ila hii ya usoni ni kiasi kidogo mno kilichopimwa. Ikidungwa kwenye msuli, inauzuia mshipa wa fahamu usiupelekee msuli ujumbe. Msuli ukikosa ujumbe unalala, na ngozi iliyo juu yake inakosa wa kuikunja. Siku chache za mwanzo unaanza kuona mabadiliko, wiki mbili kazi imekamilika, na baada ya miezi mitatu au minne msuli unaamka na deni linaanza upya. Hapo ndipo nilipokunja uso kwa mara ya kwanza. Nimewahi kulipa ada, kodi, mikopo ya benki na michango ya harusi za watu nisiowajua. Sasa nidaiwe na paji la uso?

Asili yake nayo inachekesha. Mwaka 1987 huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho aitwaye Jean Carruthers alikuwa akiitumia sumu hiyo kwa wagonjwa ambao kope zao zinajifunga zenyewe bila hiari. Mgonjwa mmoja akalalamika. Hakulalamikia maumivu. Alinuna kwa sababu siku hiyo hakudungwa katikati ya nyusi, maana kila akidungwa pale uso wake unakaa umepumzika, hauna mawazo. Jioni daktari akamsimulia mumewe, Alastair, naye daktari wa ngozi ambaye wagonjwa wake walikuwa wakimsumbua kila siku kwa habari za ndita. Wakaijaribu kwenye ndita, wakaandika matokeo yao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaruhusu botoksi rasmi kwa ndita. Mwaka huohuo ikaruhusu pia mashine ya mawimbi ya redio ya kushughulikia mikunjo ya kandokando ya macho.

Huo mwaka 2002 naukumbuka vizuri. Ndio mwaka ulipoanza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ya shule ya msingi imefutwa, watoto wakamiminika kutoka kila uchochoro. Jambo jema kabisa, silipingi. Lakini darasani kwangu walikaa madawatini, wakakaa sakafuni, wakakaa dirishani, na wa nyuma nilikuwa nawajua kwa sauti tu. Fimbo sikuwa naipenda. Nilichobaki nacho ni uso. Nikiukunja, safu ya mbele inanyamaza, kisha ya pili, na ukimya unasafiri hadi kwa wale wa dirishani. Kwa hiyo wakati Wamarekani wanaidhinisha dawa ya kufuta ndita, mimi zangu ndiyo kwanza nilikuwa nazitengeneza, kwa jasho, kwa mshahara mnaoujua.

Upande wa mashine una heshima kidogo, kwa sababu hauingizi kitu mwilini isipokuwa joto. Ziko za mawimbi ya redio na ziko za mawimbi ya sauti, hizi ambazo wenyewe wanaziita haifu. Kazi yake ni kupeleka joto chini ya ngozi, haifu ikifika hadi milimita 4.5, joto la zaidi ya nyuzi 60. Nyuzi za kolajeni zikipata joto hilo zinajikunyata, na mwili, ukidhani umeungua, unaanza kutengeneza nyingine mpya polepole kwa miezi. Kwa maneno mengine unalipa pesa mwili wako udanganywe kwamba kuna moto.

Nilimsindikiza shoga yangu kufanyiwa. Wakamlaza, wakamchora usoni kwa rula na penseli nyeupe, wakampaka ile jeli ya baridi wanayopaka wajawazito tumboni. Nikamtania kama ni wa kike au wa kiume, mhudumu hakucheka. Kisha kile kichwa cha mashine kikawekwa kwenye taya, kikalia tii, na shoga yangu akanibana mkono hadi pete ikaniumiza. Anasema kwenye shavu si kitu, lakini ukifika juu ya mfupa unasikia kwenye jino lililozibwa. Tii. Tii. Alipoinuka nikamwangalia mbele, nikamwangalia upande. Yuleyule. "Utaona baada ya miezi mitatu," akasema mhudumu, akimpa risiti ya siku hiyohiyo.

Miezi mitatu ikapita, akaniletea picha mbili kwenye simu, ya kabla na ya baada. Ya kabla amenuna chini ya taa ya bluu. Ya baada anacheka barazani saa kumi na moja jioni, na mtandio mpya. Nikakodoa. Kwa haki kabisa, pale pembeni mwa taya kuna kitu kimekaza, ukionyeshwa unakiona. Nikamwambia nimekiona. Urafiki wa miaka mingi hauvunjwi kwa taya.

Baada ya hapo nikaenda mwenyewe kwenye kliniki moja ya Mikocheni, siitaji. Ukutani picha zote ni za wazungu. Nikajiuliza wanahusiana nini na mimi. Ngozi nyeusi jua haliikunji mapema kama yao, rangi yetu inatukinga. Kwetu uzee unaanza kwa kushuka kuliko kukunjika: shavu linahamia tayani, taya linahamia shingoni, kila mtu anasogea chini kidogo. Hilo daktari alilikubali, na akaniongezea moja la maana: niwe mwangalifu na leza, kwa sababu baadhi yake zinatafuta rangi, na kwa mtu mweusi zinaweza kuacha madoa. Mawimbi ya redio na ya sauti hayaangalii rangi. Nikampa alama zake.

Ndipo nikamwuliza lile swali lililonitoa nyumbani. Mashine au sindano? Akanionyesha sura yangu kwenye kishikwambi, imekuzwa mpaka vinyweleo vimekuwa visima, akaeleza kwa upole. Sindano ni ya mikunjo inayoletwa na msuli, kama ndita. Mashine ni ya ngozi iliyolegea, kama mashavu na kidevu. Mashine hailazi ndita, na botoksi hainyanyui shavu. Ukitaka kujaza bonde la kutoka puani hadi mdomoni, hapo kuna fila, hiyo ni sindano nyingine na bajeti nyingine. "Kwa hiyo mama, havishindani, vinasaidiana. Wewe unahitaji vyote."

Nimetunga mitihani ya kuchagua jibu sahihi maisha yangu yote. Mtoto aliyezungushia A na B kwa pamoja nilikuwa nampa sifuri. Huyu anataka nimlipe.

Bei niliitazama mara ya pili nikidhani ni namba ya simu. Nilipostaafu serikali ilinipa kiinua mgongo. Sasa hawa wanataka nikitumie kuinua mashavu, na mgongo ubaki ulivyo.

Yule binti wa mdogo wangu hakukata tamaa. Akaniletea kinyago cha kuvaa nyumbani, cha plastiki, kina taa nyekundu ndani, cha Kariakoo. Nikakivaa usiku nikiwa nasikiliza redio. Mjukuu akaamka kwenda chooni, akanikuta gizani natoa mwanga mwekundu machoni, na hadi leo hajakubali kulala kwangu. Kisha binti huyo akaniambia kuna dada wa saluni anadunga botoksi kwa bei ya kusukia nywele. Hapo nilimkalisha chini. Sindano ya uso ni kazi ya daktari anayejua msuli upi uko wapi. Dawa ikipotea njia ikaingia kwenye msuli wa kope, jicho linashuka, na unakaa nalo hivyo wiki kadhaa ukisubiri linyanyuke lenyewe. Na mtu anayeuza sumu kwa bei ya rasta, mimi namuuliza kaipata wapi, kaihifadhi kwenye friji gani, na humo ndani kuna samaki?

Kwa hiyo nikakaa nikazipigia hesabu ndita zangu, kazi kwa kazi. Wapangaji wangu wawili wa nyuma wanalipa kodi tarehe moja, na sijawahi kupandisha sauti. Muuza nyanya wa Mabibo ananipimia bila kuweka zilizooza chini. Na juzi kwenye daladala, kondakta mmoja, jitu zima lenye ndevu na tambo la bandarini, alitaka kunizidishia nauli eti njia imebadilika. Sikumjibu. Nilimtazama tu, nikazikutanisha nyusi taratibu. Akarudi nyuma hatua moja. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanirudishia chenji yangu, na ya abiria wa jirani ambaye hata hakuwa amedai.

Sasa nizilaze hizi kwa sindano, halafu kondakta kama huyo nimfanye nini? Nimwandikie barua? Nikimkunjia uso atadhani namtabasamia. Mdogo wangu wa Muscat ana mume, ana dereva, ana mfanyakazi wa kumgombea samaki sokoni. Anaweza kumudu paji lisilofanya kazi. Mimi paji langu ndilo msimamizi wa mji.

Shavu ni habari nyingine. Nimelichunguza bila upendeleo na sioni kazi yoyote linayonifanyia. Limeshuka kwa hiari yake, halimtishi mtu, halikusanyi kodi. Likikazwa kidogo sitalipinga. Kwa hiyo sindano nimeikataa, na mashine ya taya nimekubali kuifikiria, kwa sharti kwamba kwanza tuelewane bei.

Wiki hii nimerudi kliniki na binti huyohuyo. Mhudumu akatuambia bei haipungui, ni ya mfumo, imo kwenye kompyuta. Sikusema neno. Niliweka mkoba juu ya meza, nikamwangalia yeye, kisha kompyuta yake. Binti akaanza kuangalia dari, maana uso huo anaujua tangu chekechea. Mhudumu akameza mate, akaniomba radhi kidogo, akaingia ndani kumwita meneja. Meneja akatoka, akanitazama, akasimama wima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ulikuwa unakaa dirishani wewe, sivyo? Haya, hebu soma tena hiyo bei, kwa sauti, tusikie wote."