Kungwi wa Mezani: Nyama Imekuja Inawaka, Nifanyeje?

Wiki hii mkoba wangu wa barua umejaa Texas. Sijui kumeingia nini huko, ila kila anayeniandikia kutoka Houston au Dallas amealikwa, kwa heri au kwa shari, kwenye zile nyumba za steki zenye mahadhi ya Kimeksiko: taa hafifu, viti vya mahameli, menyu nzito kama mlango, tarumbeta zinalia mgongoni mwako na nyama inaletwa inawaka moto. Barua nimezisoma zote. Nimejibu zilizonikera na zilizonichekesha.

*Bi Kungwi, shikamoo. Bosi alitupeleka ofisi nzima kula steki. Mhudumu akaniuliza nyama yangu iive kiasi gani. Tangu nizaliwe Arusha sijawahi kuulizwa swali hilo. Kwetu unachagua mguu buchani, unasubiri saa nzima, unaletewa umeiva. Nikajibu "midiamu", kwa kuwa ndiyo saizi ya shati langu. Ikaja nyekundu katikati, inavuja damu. Niliifunika kwa majani ya saladi mpaka bosi alipoondoka. Je, yule ng'ombe alikuwa amekufa kweli? Wako, Shati Midiamu, Houston.*

Marahaba, mwanangu. Alikufa, tena alikufa kuliko mbuzi yeyote uliyewahi kumla Arusha. Nyama ya bei ile huwekwa baridini wiki tatu, nne, pengine zaidi, ilainike, ndipo ifike jikoni. Na yale maji mekundu si damu. Damu ilibaki machinjioni. Wekundu ule ni mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli, imechanganyika na maji ya nyama yenyewe.

Sasa jifunze lugha yao. Wao hupima joto la katikati ya pande. Likifika nyuzi 55 hivi za Selsiasi, nyama ndiyo kwanza inasalimiana na moto. Nyuzi 60 na kitu ndiyo midiamu yako. Likipita 70, imeiva kama tunavyoelewa mimi na wewe. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inashauri steki ifike nyuzi 63, kisha ipumzishwe dakika tatu. Kwa hiyo anayekucheka ukiomba nyama irudishwe motoni, mwambie akaicheke serikali yake.

Ila tusiwaonee. Ng'ombe wetu ametembea maisha yake yote akitafuta majani, na huchomwa siku ileile aliyochinjwa. Bila moto wa taratibu atakung'oa meno. Ng'ombe wao amelishwa nafaka, ana mafuta yaliyojipenyeza ndani ya nyama kama nyuzi. Huyo ukimpika kwa mtindo wa nyumbani unapata soli ya kiatu, na umeilipia bei ya kiatu. Mimi huomba midiamu iliyosogea mbele kidogo, na naomba kwa sauti.

Kama wewe ni Mwislamu, swali lako lisiwe rangi, liwe kisu: nani alichinja. Nyumba nyingi za aina hii hazina nyama ya halali, basi piga simu kabla, na kama hawana, kula samaki. Uliza pia juu ya maharage. Yale yaliyopondwa na kukaangwa, kwa desturi yao hutiwa mafuta ya nguruwe, na yamekaa pale sahanini kimya kama hayajui kitu.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nimekupenda. Mkirudi tena, achana na lile pande lenye mfupa mrefu kama mwiko wa ugali. Mfupa huo hupimwa pamoja na nyama. Unaulipia na huuli. Agiza arrachera, nyama ya kiwambo kile kinachotenga mapafu na tumbo. Kusini mwa Texas wachunga ng'ombe wa Kimeksiko walipewa pande hilo, pamoja na kichwa na matumbo, kama sehemu ya ujira, kwa sababu wenye ranchi hawakulitaka. Wao wakalichoma, wakaliita fajita, yaani kimshipi, kwa umbo lake. Mwaka 1973, hapohapo Houston kwako, mjane aitwaye Ninfa Laurenzo aliweka meza kumi mbele ya kiwanda chake cha tortilla kilichokuwa kinakwenda mrama, barabara ya Navigation, akauza nyama hiyo imeviringishwa ndani ya tortilla. Mji mzima ukamfuata. Leo wenye viti vya mahameli wanakuuzia ujira wa mchungaji kwa taa hafifu, na bado ndicho kitu kitamu kuliko vyote kwenye menyu yao.

*Kungwi, salaam. Mhudumu alifika na nyama, akaimiminia pombe, akaiwasha. Mwali ukapanda hadi kwenye nywele za shemeji yangu, au ndivyo nilivyoona. Nikanyakua jagi la maji nikamwaga. Nyama ikazimika, meza ikalowa, shemeji akalia. Sasa familia inaniita Zimamoto. Nilikosea wapi? Zimamoto, Dallas.*

Ulikosea kuwa na malezi mema. Mtoto aliyefunzwa kwao, akiona moto mezani, anauzima.

Nyama ile ilikuwa imeshaiva jikoni. Kinachowaka ni kileo, na kileo kikiisha mwali hufa wenyewe baada ya nukta chache, haujaongeza ladha ya kujivunia. Ni tamasha tu, na umelilipia kiingilio ndani ya bei ya nyama. Siku nyingine vuta kiti nyuma, shika ushungi wa shemeji, uhesabu hadi kumi. Na shemeji aache kulia. Aliyelowa ni mzima kuliko aliyeungua.

*Bi Kungwi, niliandaa kila kitu. Meza ya pembeni, maua, pete mfukoni. Nilipofungua kinywa kumwomba binti wa watu anikubali, wanaume saba wenye kofia pana wakasimama nyuma yangu na tarumbeta. Nikapiga kelele, "Nataka nikuoe!" Akanipa chumvi. Nirudi nimwombe tena, au chumvi ni jibu? Mwenye Pete, San Antonio.*

Chumvi si jibu, chumvi ni tarumbeta.

Hao ni mariachi, mwanangu, na usiwachukie. Ni muziki wa magharibi ya Meksiko, hasa Jalisco, na UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2011. Zamani ulikuwa wa nyuzi: fidla, magitaa, na lile gitaa nene la besi liitwalo guitarrón. Tarumbeta zilikaa sawasawa karne ya 20, na tangu hapo hakuna aliyechumbia kwa kunong'ona. Kosa lako ni kushindana nao. Mariachi hutunzwa kama tunavyomtunza mwimbaji wa taarabu: unainuka na noti yako, unaomba wimbo unaoutaka, wanaupiga, wanahamia meza nyingine. Watunze mapema, waimbe mara moja vizuri akiwa anakutazama wewe, kisha useme neno lako wakishafika kwa jirani. Na upige magoti. Goti halihitaji kusikika.

*Dada Kungwi, nimeibiwa au sikuibiwa? Siku ya kuzaliwa ya rafiki, tulikuwa tisa. Mimi nilikula salada ya Caesar na maji ya bomba. Wenzangu walikula ng'ombe mzima. Bili ikaja, mtu akasema "tugawane sawa". Nikalipa dola 68.40, na kwenye karatasi kulikuwa na mstari mtupu wa bakshishi, nikaandika 12 zaidi. Mla Majani, Houston.*

Leta kalamu na ile bili. Chakula chenu kilikuwa dola 480. Kodi ya mauzo Houston ni asilimia 8.25, hiyo ni 39.60. Kwa kuwa mlizidi sita, nyumba iliongeza yenyewe bakshishi ya asilimia 20, yaani 96. Jumla 615.60, gawa kwa tisa, ndiyo hiyo 68.40 yako. Kwa hiyo bakshishi ilikwisha kulipwa, na zile 12 ulizoandika juu yake ni sadaka. Soma bili kabla ya kuandika chochote; mstari mtupu si amri.

Hata hivyo sadaka yako haikupotea. Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, na Texas inakifuata hichohicho; ni pale tu bakshishi isipotosha ndipo mwajiri hufidia hadi kima cha chini cha kawaida. Kwetu bakshishi ni shukrani. Kule ndiyo mshahara wenyewe. Asiyeweza kuweka asilimia 18 au 20 juu ya steki, asiagize steki.

Wenye makosa ni rafiki zako. Kwetu aliyealika hulipa, na kule kila mtu na chake. Hao wamechukua mila mbili wakachagua kipande kilichowafaa katika kila moja. Mwaka ujao sema mapema, kabla ya kuketi, kwamba unataka bili yako peke yako. Wahudumu wamezoea. Na usione haya kwa salada: ni chakula halisi cha Meksiko kuliko nyingi za steki zile. Inasimuliwa kuwa mhamiaji wa Kiitalia, Caesar Cardini, aliibuni Tijuana mwaka 1924.

*Bi Kungwi, salamu. Mimi ni mzee wa Korogwe, nimekuja kumtembelea mwanangu. Kanipeleka kwenye hoteli moja, nikaona ukutani picha kubwa ya mkonge. Nikamwambia mwanangu huu ni mkonge, nimeukata miaka kumi na tisa. Akanambia baba nyamaza, hiyo ni tekila. Nani mkweli? Mzee wa Mkonge.*

Shikamoo, mzee wangu. Mwanao aombe radhi. Ule ni ndugu wa mkonge, wote ni wa ukoo wa agave. Wao huacha majani na kuchukua moyo wa mmea, unaokaa shambani miaka sita, saba au zaidi, wanauoka na kuuchachusha. Wewe ulichukua majani ukatoa katani. Na mkonge wako asili yake ni hukohuko Meksiko, upande wa Yucatán. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilipofika pwani ya Tanga mwaka 1893 vilikuwa hai 62 tu. Mashamba yote uliyoyakata yalitokana na hivyo. Ukirudi hoteli ile, kaa chini ya picha yako, mwanao akupige picha.

*Mama yetu amefika kutoka Kakamega, anasema asipokula ugali hajala. Tumpeleke? Wanne Tunaogopa.*

Mpelekeni. Mahindi yalizaliwa Meksiko, kwetu ni wageni waliofika baada ya 1500. Mwagizieni tortilla za mahindi, si za ngano, na kachumbari yao, wanayoiita mdomo wa jogoo. Mwambieni tortilla ni chapati ya mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Atalalamika, atakula sita.

Na wewe wa Austin, uliyeuliza kwa mstari mmoja kama kuna mbuzi: yupo. Anaitwa cabrito, mbuzi mchanga ambaye bado ananyonya, achomwaye kando ya makaa kwa mtindo wa Monterrey. Si kila nyumba inaye. Piga simu kwanza.