Mzee Moshi Anajibu: Gari Limekataa Mlima

Mzee Moshi hupokea barua za wenye magari ya makamo hapa Kikopey na vitongoji vyake. Hatatui kesi za mahari, mashamba wala madeni ya mbuzi.

*Mzee, salamu. Nina Corolla ya mwaka 2003. Gari likisimama linanguruma vizuri, lakini nikipanda kutoka Mbaruk kuja Kikopey, kadiri ninavyokanyaga mafuta ndivyo linavyochoka. Jumamosi nilipitwa na lori la kabeji, na utingo akanipungia mkono. Nimebadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta. Mama mkwe anasema limerogwa. — Aliyepungiwa, Kikopey*

Aliyepungiwa, mwache mganga apumzike. Injini haiwezi kuvuta hewa mpya kama moshi wa zamani haujapata pa kutokea. Likisimama, moshi ni kidogo na unapenya. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi na njia ni ile ile. Kumbe wewe umekuwa ukimwongezea nyama mtu aliyefunga choo.

Mshukiwa wa kwanza ni katalitiki, lile kopo la chuma kwenye ekzosi lenye masega ya kauri ndani. Ukisikia kitu kikicheza humo kama kokoto, kauri imevunjika. Kuwa na hakika kabla ya kutoa pesa. Injini ikiwa imepoa, fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya katalitiki, na ufunge waya wake mbali na joto. Washa, uendeshe kidogo tu. Litapiga kelele na taa ya injini itawaka, lakini nguvu ikirudi umemshika mwizi. Fundi mwenye geji ya presha anaweza kuifunga kwenye tundu hilo hilo: gari likiwa sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, isizidi psi 1.5 hivi, na kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika isizidi 3. Nguvu isiporudi, rudi kwenye filta ya mafuta na ya hewa. Usisahau kuchungulia chini: huenda tuta fulani lilibonyeza paipu, au vyuma vya ndani ya sailensa vimeng'oka na kuziba mlango.

Ukithibitisha ni katalitiki, usikimbilie kununua nyingine. Katalitiki haijiui. Huuawa na plagi isiyochoma, petroli ikapita mbichi na kuungua humo ndani mpaka kauri ikayeyuka. Injini inayokula oili huiua pia, ila taratibu. Katika kesi yako namshuku plagi wa zamani, yule uliyemfukuza. Ulimkamata vizuri, lakini baada ya mazishi.

*Mzee Moshi, mimi ni fundi. Kitabu changu kinasema geji ya vakyumu kwenye injini nzima, ikiwa sailensi, isome inchi 17 hadi 21. Gari la mwalimu mmoja lilisoma 14, nikamtoza pesa za kubadilisha ekzosi iliyoziba. Sasa nimepima langu, la jirani na la chifu. Yote 14. Je, kaunti nzima imeziba? — Fundi Mwenye Geji, Gilgil*

Kaunti iko salama, Fundi. Kitabu chako kilihesabu kutoka usawa wa bahari, na hao watakaokifurahia wako Kilindini. Kila unapopanda mita 300 hivi, hewa inapungua na geji inapoteza inchi moja. Gilgil iko kama mita 2,000 juu, kwa hiyo inchi sita na ushee umeziacha Mombasa. Huku kwetu 14 ni afya njema.

Achana na namba, tazama sindano. Pandisha mizunguko hadi 2,500 na ushikilie hapo hapo. Sindano ikitulia, njia iko wazi. Ikiteremka polepole na mguu wako haujasogea, moshi unarundikana nyuma. Mrudishie mwalimu pesa zake mapema. Walimu wanajua kuandika barua.

*Mzee, katalitiki yangu imeyeyuka. Diatomiti, ule udongo mweupe unaochimbwa hapa kwetu, huchuja hata bia. Nikiujaza kwenye kopo tupu, si nitapata kichujio cha bure? — Mvumbuzi, Kariandusi*

Utapata kizibo cha bure. Diatomiti ni mabaki ya vijimea vya ziwa la kale, na kazi yake ni kuzuia uchafu kupita. Katalitiki haizuii kitu. Moshi hupita wote kwenye vijitundu vyake, na kuta zake zilizopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu huugeuza njiani: kaboni monoksidi inayoua hutoka ikiwa kaboni dioksidi. Ndiyo sababu petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, ilikuwa sumu kwake. Risasi ilizifunika kuta hizo, na moshi ukapita bila kuguswa. Bia iachie diatomiti.

*Mzee Moshi, fundi alinitobolea katalitiki kwa chuma, bure kabisa, mradi takataka za ndani abaki nazo. Gari sasa lina nguvu, ila nikilipasha moto kando ya meza zangu za nyama choma, wateja hawasikiani na wanalalamika kichwa. — Mama Mbavu, Kikopey*

Mama, mtu hafanyi kazi bure kwa kupenda takataka. Hizo zina platinamu na wenzake, na zina wanunuzi. Ulimlipa fundi, tena vizuri.

Kuhusu vichwa, zima gari sasa hivi. Kaboni monoksidi haina harufu. Moshi wa nyama utaufunika ushahidi wote, na mteja atadhani ni pilipili ya kachumbari. Ukipata uwezo, weka katalitiki inayolingana na ukubwa wa injini yako, lakini fundi mwingine akague plagi na oili kwanza, la sivyo utaizika na hiyo. Ikishafungwa, usiegeshe juu ya nyasi kavu, kwa kuwa katalitiki inayofanya kazi hupita nyuzijoto 400. Na kwa kuwa wateja hawasikiani, bei ya mbuzi iandike ubaoni.