Sifa za Noti Iliyochakaa

Kila mtu humsifu anayemlisha: malenga wa zamani waliwasifu masultani, na magazeti ya leo huwasifu mawaziri. Kwa kanuni hiyo, mkaaji wa Kasha, huku Bagira mjini Bukavu, ana deni la sifa ambalo hajawahi kulilipa. Anayemlisha si waziri wa Kinshasa, wala si yule anayeketi leo katika ofisi ya gavana. Anayemlisha ni noti ya faranga 500 iliyochakaa. Imelegea kama kitambaa cha kupangusia meza, pembe zimekatika, katikati imeungwa kwa skochi, na wachimba almasi waliochorwa juu yake wamefutika hadi hujui kama wanachimba au wanazikwa. Inanuka ndagala, mkaa na jasho la wote walioishika kabla yako. Watu huitukana, huificha katikati ya noti nzuri ili muuzaji asiione, humpa mtoto aende nayo dukani kwa kuwa mtoto haoni haya. Maandishi haya yanakusudia kuirudishia heshima yake. Katika yote ambayo serikali za Kongo zimewahi kuwaamulia watu wa Bukavu, noti hii mbovu ndiyo iliyowatumikia kwa uaminifu kuliko yote, na wanaotaka kututawala wangefanya vyema kwenda kusoma kwake.

Msifiwa huanza kusifiwa kwa ukoo, na ukoo wa noti hii ni ukoo wa misiba. Babu yake, zaire, alizaliwa Juni 1967 akiwa tajiri: zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Desemba 1979 Rais Mobutu akaamua kwamba noti za zaire 5 na 10 si pesa tena. Wananchi walipewa siku chache na kiwango cha kubadilisha, na aliyeweka akiba yake mbali na benki akabaki na karatasi. Mwanzoni mwa 1993 ikaja noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa kupora, na katika vurugu hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi. Oktoba mwaka huohuo zaire milioni 3 zikageuzwa kuwa zaire mpya 1, na watu wa Kasai wakaikataa hiyo mpya, wakaendelea kununua na kuuza kwa za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1, na kabla faranga hiyo haijazoea mifuko yetu, Agosti, vita vikalipuka hapahapa mashariki. Basi yapime hayo. Noti ya milioni 5 ilikuwa safi, ilitoka kwa mkuu wa nchi na ilikuwa na jeshi nyuma yake, lakini ilikosa muuza mihogo wa kuipokea. Katika nchi ambamo pesa huuawa kwa amri zikiwa bado zinanukia wino, uchakavu si aibu hata kidogo. Ni cheti cha maisha marefu.

Baada ya ukoo huja matendo. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa AFC/M23 waliiteka Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Wakubwa waliondoka, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, benki zikafunga milango na Banki Kuu ya Kongo nayo ikafunga yake. Kinshasa haikutaka pesa ziangukie mikononi mwa adui, na uamuzi huo unaeleweka vizuri sana ukiwa umeketi Kinshasa. Kwa mwenye kuketi Kasha maana yake ilikuwa hii: noti mpya haziingii na noti mbovu hazitoki, kwa sababu kuzikusanya zilizochakaa, kuziteketeza na kutoa nyingine ni kazi ya Banki Kuu. Mwalimu ambaye serikali ilimwamuru kupokea mshahara kwa njia ya benki akaikuta benki ina kufuli. Waliokuwa na vyeo, magari na walinzi walikuwa wamekwenda. Noti ya 500, isiyo na mlinzi, ilibaki kazini. Ililipa motari wa pikipiki, ilinunua mboga za lengalenga, dawa za malaria na unga. Zaidi ya hayo ilifanya muujiza wa kidiplomasia. Noti yenye sahihi ya gavana wa Banki Kuu ya Kinshasa ndiyo inayopokelewa katika ushuru wa utawala unaopigana na Kinshasa. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba huko Washington, na tarehe 19 Julai serikali na M23 wakatia sahihi tamko la kanuni huko Doha. Noti haikualikwa popote, ingawa ndiyo pekee ambayo pande zote zilikuwa zikiitii tayari. Na kwa kuwa ilikuwa adimu, thamani yake mbele ya dola ilipanda huku mashariki kuliko ilivyokuwa Kinshasa. Kile ambacho mawaziri wa fedha hukitafuta kwa semina, vitambaa vilikipata kwa kukosekana.

Sifa haikamiliki bila kumlinganisha msifiwa na wenzake, nasi tuanze na dola, mgeni anayepewa kiti cha mbele Kongo nzima. Dola ikipasuka upana wa ukucha inakataliwa. Ikiwa na alama ya kalamu inakataliwa. Na noti ya dola 1 mara nyingi hukosa mpokeaji hata ikiwa safi. Pesa ya taifa lenye nguvu kuliko yote duniani ikifika Bukavu hufa kwa mchubuko, ilhali faranga hupoteza robo ya mwili wake na asubuhi inarudi sokoni. Tuilinganishe pia na karatasi yenye heshima zaidi nchini, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 175 kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni haki ya mikoa, na kwamba yakatwe palepale yanapopatikana. Karatasi hiyo haijachanika wala haijashika mafuta, maana haijawahi kutumika. Karibu miaka 20 imepita. Kabla mji haujatekwa, mapato ya mkoa wetu wa Kivu Kusini yalipanda kwenda Kinshasa, na kilichoshuka kilishuka kwa kiasi na kwa wakati ambao Kinshasa ilipenda. Haki ya asilimia 40 haimnunulii mtu fungu la sombe, na noti isiyo na pembe inamnunulia. Hata noti ndogo ya 100 imetufanyia zaidi ya hotuba nyingi: upande mmoja ina tembo, upande wa pili ina bwawa la umeme la Inga, na mpaka leo hiyo ndiyo njia pekee ambayo Inga imewahi kuingia katika nyumba za Kasha.

Mchumi atapinga. Atasema huo si uaminifu bali ni ulazima, na atamtaja Thomas Gresham, Mwingereza wa karne ya 16, ambaye jina lake limebandikwa kwenye kanuni isemayo kwamba pesa mbaya huifukuza pesa nzuri. Mtu mwenye noti mbili huificha iliyo safi na kuitoa iliyochakaa; ndiyo maana iliyochakaa inaonekana kila mahali. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaongeza sifa badala ya kuipunguza. Noti nzuri imejificha ikingoja hali itulie, jambo ambalo tunalifahamu vizuri kwa viongozi wetu, na mbovu ndiyo inayofanya kazi. Tena ulazima peke yake hauelezi kitu. Mwaka 1993 ulazima ulikuwepo na bunduki zilikuwepo, na noti ikakataliwa. Wasomali wanatupa ushahidi mwingine. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, Banki Kuu yao ilitoweka, lakini shilingi iliendelea kupokelewa. Ila wafanyabiashara waliagiza noti zao wenyewe kutoka nje, na thamani ikateremka hadi kukaribia gharama ya kuzichapa. Kwa hiyo pesa husimama kwa miguu miwili: asiwepo mtu wa kuiongeza anavyotaka, na wawepo watu wa kuipokea. Mguu wa kwanza umesimama huku kwetu kwa bahati, kwa kuwa mtambo wa kuchapa uko mbali na njia zimefungwa. Mguu wa pili ni wananchi. Kila mama anayepokea kile kitambaa kwa nyanya zake anapiga kura, na anaipiga bila kadi ya mpiga kura, bila tume ya uchaguzi na bila kungoja miaka 5.

Daktari naye atasema noti hiyo ni kiota cha magonjwa, katika mkoa unaoijua kolera na ambao mwaka 2024 ulihesabu wagonjwa wa mpox kuanzia Kamituga. Anasema kweli. Lakini uchafu wa noti ni kumbukumbu ya mikono, na mikono huoshwa kwa maji. Anayetaka noti safi aanze kwa kuuliza bomba linatoa maji mara ngapi kwa juma. Askari wa upelelezi atasema uchakavu huwaficha wenye kughushi. Hapo amekosea, maana mwenye kughushi ana akili ya biashara na hawezi kuhangaika usiku kucha kutengeneza kitu ambacho kitakataliwa na nusu ya soko. Kijana mwenye simu nzuri atasema dawa ni M-Pesa na Airtel Money, na kwamba muda wa makaratasi umekwisha. Simu imesaidia wengi, sikatai. Lakini simu inataka umeme, mtandao na ada ya kila hatua, na mwisho wa safari wakala anatakiwa kutoa kitu kinachoshikika. Benki zilipofungwa na pesa za mkononi zikawa adimu, wakala akawa na sababu ya kukata zaidi kwa kila anayetoa. Pesa iliyoingia simuni bila jasho lolote hutoka ikiwa imepungua, na inapotoka inatoka katika umbo la noti ileile iliyochakaa.

Pingamizi zito ni la mwisho, na linatoka kwa mama anayeteremsha mboga kutoka mashamba ya Kasha. Mteja wake alimpa noti iliyoungwa, naye akaipokea kwa sababu lengalenga hailali hadi kesho. Mchana akaenda kununua unga, na mwenye depo akaitazama noti, akaigeuza, akamrudishia. Mwenye depo anaweza kuchagua, kwa kuwa unga unalala na kuamka bado ni unga. Motari naye akakataa, kwa kuwa anajua muuza mafuta atamkatalia. Hivyo noti iliyotembea siku nzima ikafia mkononi mwa mtu ambaye hasara ya faranga 500 kwake ni chakula cha jioni cha mtoto mmoja. Hapa msifu anabanwa kweli, na jibu la uaminifu ni moja tu: noti haikubuni njia hiyo ya kumwangukia mnyonge, imeifuata. Vifo vya akiba vya 1979 vilifuata njia hiyo, kwa kuwa waliokuwa na marafiki benki walibadilisha na wasiokuwa nao walipoteza. Kufuli za 2025 zimeifuata, kwa kuwa mwenye akaunti na hati za kusafiria anavuka mto Ruzizi kwenda kutoa pesa Rwanda, na asiye nazo anangoja. Asilimia 40 zisizoshuka zinaifuata pia. Uamuzi hufanywa juu kwa wino safi, kisha kila mwenye nguvu anaupitisha kwa aliye chini yake, mpaka ufike mahali ambapo hakuna tena wa kumpitishia. Wizara hazitoi ripoti ya mahali uamuzi wao ulipoishia. Noti mbovu inaitoa kila jioni, na mwenye kutaka kuisoma hana haja ya kusubiri takwimu: aulize tu imemkwamia nani.

Kwa sababu hiyo sifa hizi zina madai ndani yake. Kinshasa, ambayo inasema Bukavu ni sehemu ya Jamhuri, ionyeshe hivyo kwa kutafuta njia, kupitia mtu yeyote ambaye pande zote zinamkubali, ya kuzipokea noti zilizokwisha na kuleta nyingine. Raia hakugeuka mwasi kwa kuwa mji wake umetekwa. Nao wanaokusanya ushuru hapa, wanaosema wamekuja kutukomboa, waanze kwa kupokea mezani kwao noti ileile ambayo mama wa mboga amelazimika kuipokea, bila kuichagua. Na wote wawili, wanapogombania haki ya kututawala kwa mikataba na kwa mizinga, waelewe masharti ambayo kitambaa hiki kimeyatimiza. Kimepita mikononi mwa watu wote, kimekaguliwa mbele ya mwanga, kimegeuzwa huku na huku na watu ambao walikuwa na uhuru wa kukikataa, na wengi wao wamekikubali bila kutishwa. Kiongozi anayetaka kusifiwa kama noti ya faranga 500 aje Kasha bila askari, ajiweke mezani, na angoje aone kama kuna atakayempokea.