Namna ya Kuivisha Laptopu ya Gemu

Hongera kwa kununua laptopu ya gemu. Umetoa pesa ambayo mwenzako angeongezea kidogo akanunua bodaboda, na sasa unamiliki jiko linaloweza pia kuandika barua. Chaja yake ikiwa ya wati 230, hiyo ni karibu balbu nne za zamani za wati 60. Umeme huo, ukishapita kwenye prosesa na kadi ya picha, karibu wote huishia kuwa joto. Kazi yako ni kuhakikisha joto hilo halipati pa kutokea.

Anzia kitandani. Matundu ya kuvutia hewa kwa kawaida yako chini, kwa hiyo godoro linafaa, na blanketi la manyoya linafaa zaidi. Mama akiuliza kutoka chumbani nani anasaga juisi saa saba usiku, mwambie unasoma.

Cheza Dar, mwezi wa Februari, saa nane mchana, dirisha limefungwa. Feni haina uchawi: inapoza kwa hewa ya chumba hicho hicho, na hewa ikiwa na nyuzi 32, laptopu haitashuka chini ya hapo hata feni ilie vipi. Wenzetu wa Makete, wanaocheza wamevaa makoti, wana upendeleo na hatutawajadili.

Vumbi usiliguse. Likichanganyika na nywele za paka, hufuma kitambaa safi kabisa mbele ya mapezi ya kupozea. Fundi atataka kufungua, ashike mapanga ya feni yasizunguke, kisha apulize kwa blowa. Hataishia hapo. Ataichokonoa ile pesti ya kijivu iliyo kati ya prosesa na mabomba ya shaba, aikute imekauka kama ukoko, aifute kwa spiriti na kupaka mpya. Mkatalie! Mimi nilimkubalia mmoja, akanirudishia mashine pamoja na skrubu tatu kiganjani: "Hizi hazina kazi, kaka."

Ukifuata maelekezo, prosesa itakaribia nyuzi 100 na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo umehitimu. Mashine ya mamilioni inajikokota kuliko kompyuta ya serikali ya mtaa. Mshambuliaji wako anapiga shuti sasa, kipa anadaka baada ya taarifa ya habari.

Kuna wanaoshauri kuiweka kwenye friji. Hata mimi nimegoma. Kwa unyevu wa pwani, ukiitoa tu itatoka jasho kama chupa ya soda, nje na ndani. Sisi tunaivisha, hatufui.

Na betri ikivimba mpaka kibodi ikainuka, mzaha umeisha: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, peleka kwa fundi.

Usije ukakuta mtu ameiweka mezani, ameinua nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa za maji, na kwenye mipangilio ya gemu ameweka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, ukamwiga. Huyo atacheza mpaka alfajiri bila kukwama, na jiko lake halitaivisha hata yai.