Ufunguo wa Kabati

Mwalimu wa maktaba mjini Songea akiombwa apendekeze riwaya za upelelezi na za maajabu kwa wanafunzi wa sekondari, kwanza hukohoa. Kisha huuliza: zimo kwenye mtihani?

Hazimo. Mtihani hauulizi muuaji ni nani.

Basi kijana hukua akidhani maajabu yalianza na Harry Potter, Uingereza, mwaka 1997. Hajaambiwa kwamba mwaka 1952, katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alikwisha kuwageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani. Wala hajakutana na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Kizanzibari mwenye kiko, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960. Wakubwa huogopa: neno "mzimu" litawaharibu watoto!

Watoto hao hao hupelekwa Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge mjini humo, wakasikie habari za dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na za mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Fumbo nalo lipo. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, kiko wapi? Mwaka 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo, akaomba radhi, akaahidi kusaidia kukitafuta. Lakini hiyo ni historia, haiharibu mtu.

Na riwaya chache zilizopo? Zimefungiwa kabatini zisichakae. Ufunguo anao mwalimu wa taaluma, naye yuko semina. Ukikutana naye huko, mwambie wanafunzi wamesimama mlangoni.